Kisu Kituoni: Istilahi ya Kupeana Makali katika Chumba cha Upasuaji Kisiwani Pemba

Katika kazi ya kuunda istilahi liko jaribu moja ambalo kila mkuza istilahi hulijua, ingawa ni wachache wanaolikiri. Ni jaribu la kudhani kwamba neno likishapita mezani limekwisha kazi yake. Wajumbe huketi, kamusi hufunuliwa, hoja hutolewa, neno hupitishwa na faili hufungwa. Makala haya yanaeleza habari ya neno moja ambalo mimi mwenyewe nililipenda, nililolitetea kwa hoja za sarufi na historia, na ambalo lilianguka siku ilipolazimu litamkwe na mtu aliyefunikwa mdomo na pua.

Jambo linalohusika huonekana dogo kwa kulitazama. Ni namna daktari mpasuaji na muuguzi anayemsaidia wanavyopeana kisu, sindano, mkasi na vifaa vingine vikali bila ya kukatana wala kuchomana. Nimelifuatia jambo hili kisiwani Pemba kwa sababu mbili. Kwanza, Pemba ina lahaja yake yenye sauti zake, na neno litakalotamkwa Mkoani au Wete halina budi lipimwe kwa masikio ya watu wa huko. Pili, vyumba vya upasuaji vya kisiwa hicho vimekuwa kwa zaidi ya nusu karne makutano ya lugha nyingi kuzunguka meza moja. Mahali kama hapo istilahi si pambo la kitabu. Ni sehemu ya vifaa vya kazi.

MKONO MMOJA, KISU KIMOJA

Kabla ya kuja kwa hospitali, watu wa pwani na visiwa walikuwa na mafundi wao wa kukata na kutoboa mwili. Ngariba alitahiri. Mwumikaji aliumika, yaani alichanja ngozi na kuvuta damu kwa chuku. Mganga alichanja chale na kutumbua majipu. Mkunga alikata kitovu. Lugha yetu ina msamiati wa kutosha katika jambo hili: kutahiri, kuumika, kuchanja, kutumbua, kutoboa, kupasua. Neno la mwisho ndilo lililoteuliwa kubeba mzigo wa kitaalamu, likazaa upasuaji na mpasuaji, ingawa mpaka leo neno hilo hilo hutumika kwa kuni na kwa nazi.

Tukivichunguza vitenzi hivi tutaona kwamba vyote vina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja. Ngariba alishika kijembe chake mwenyewe, akakitumia mwenyewe, akakirudisha mwenyewe mahali pake. Wasaidizi wake walimshika mtoto, hawakumshikia kisu. Kwa hivyo hapakuwa na haja ya neno la kupeana makali katikati ya kazi, kwa kuwa tendo lenyewe halikuwapo. Lugha haiundi jina la kitu ambacho watu wake hawakifanyi.

Hata hivyo, nje ya uganga, watu walipeana makali kila siku, na adabu ya jambo hilo ilifundishwa majumbani. Mtoto anayetumwa kisu jikoni huambiwa amwelekezee mpokeaji mpini. Msemo wetu wa kwamba fulani ameshika mpini na mwenziwe ameshika makali umetoka katika maarifa hayo: katika kila kupeana kisu yuko mmoja aliye salama na mmoja aliye hatarini. Wanawake wa Unguja na Pemba wanaoshona kofia nao wana desturi yao. Nimewaona wakipeana kazi barazani. Anayetaka mwenziwe aiendeleze kofia hamtii sindano mkononi. Huidunga sindano katika kitambaa, akakiweka kitambaa mkekani, na mwenziwe akakichukua kwa wakati wake. Sindano haisafiri peke yake, wala haipiti moja kwa moja kutoka kidole hadi kidole.

Nimeieleza desturi hii ya kofia kwa makusudi, maana tutairudia.

CHUMBA CHENYE MIKONO MINGI

Upasuaji wa hospitali ulileta jambo jipya: mpasuaji asiyechukua vifaa vyake mwenyewe. Macho yake yako kwenye jeraha, mkono wake umenyooshwa, na mtu wa pili aliyesimama karibu na meza ya vifaa humpa anachokitaka na kukipokea akishakitumia. Katika operesheni moja kubwa kisu, sindano na mkasi huweza kwenda na kurudi mara nyingi sana. Kila safari ni nafasi moja ya ajali, na safari ya kurudi ni mbaya kuliko ya kwenda, kwa kuwa makali yanayorudi yamekwisha kugusa damu.

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na hospitali za kiserikali za visiwani zilikua katika kipindi hicho. Amri za chumba cha upasuaji zikawa za Kiingereza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na kuchukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ilishughulika zaidi na tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Meza ya mpasuaji haikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipa shughuli. Matokeo yake ni kwamba wauguzi wengi walijifunza kazi hiyo kwa kuitazama na kwa maneno machache ya kigeni yaliyosikika nusu nusu, huku mazungumzo yao wenyewe yakiendelea kwa Kiswahili.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 lugha za mezani ziliongezeka. Mwaka huo huo timu ya kwanza ya madaktari kutoka China iliwasili Zanzibar, na tangu hapo timu kutoka mkoa wa Jiangsu zimekuwa zikipokeana zamu, Unguja katika hospitali ya Mnazi Mmoja na Pemba katika hospitali ya Abdalla Mzee mjini Mkoani. Hospitali hii ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Madaktari kutoka Kuba nao wamefanya kazi visiwani, na katika kijiji cha Wawi karibu na Chake Chake iko maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na Waitalia.

Basi tuione meza hiyo. Mpasuaji huenda akawa Mchina mwenye Kiingereza cha kazi na Kiswahili cha salamu. Mtoa nusukaputi huenda akawa ametoka Unguja. Muuguzi ni Mpemba, ambaye kwao mkono ni nkono, kama W. H. Whiteley alivyoonyesha mwaka 1958 katika uchunguzi wake wa lahaja za Pemba kwamba sauti ya m hubadilika kufuata konsonanti inayoifuata. Lugha pekee ambayo wote hawa wanaweza kukutana ndani yake kila siku ni Kiswahili, hata kama kila mmoja anacho kwa kiasi chake. Swali la istilahi ni hili: Kiswahili hicho kinasema nini wakati kisu kinapovuka meza?

HATARI ILIVYOJULIKANA

Kwamba makali yanaweza kumwua tabibu mwenyewe lilikuwa jambo la kujulikana zamani, na tukio lililojulikana zaidi lilitokea mbali na kwetu. Mwaka 1847, mjini Vienna, Profesa Jakob Kolletschka alijeruhiwa kidoleni na kisu cha mwanafunzi wakati wa kuchunguza maiti, akaugua, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis aliposoma maelezo ya uchunguzi wa maiti ya Kolletschka aliona ishara zile zile alizozizoea kwa wazazi waliokuwa wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi yake. Akatambua kwamba kitu fulani kilikuwa kikihama kutoka maiti kwenda kwa walio hai kwa njia ya mikono na visu, akaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Dunia ilikumbuka fundisho la kunawa. Fundisho la pili, kwamba kisu cha mwenzio kinaweza kukuua, halikufuatiliwa kwa juhudi ile ile.

Glovu nazo hazikuja kwa ajili ya hatari hii. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuelekea 1890, mpasuaji wa Kimarekani William Halsted aliagiza glovu za mpira kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye ngozi yake iliharibiwa na dawa ya kuulia vijidudu. Glovu ni kinga njema dhidi ya dawa na uchafu, lakini si ngao mbele ya ncha ya sindano.

Lililobadilisha mawazo ya ulimwengu ni maradhi ya damu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986. Yafaa tukumbuke jinsi lugha ilivyofanya kazi wakati ule. Kagera watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizopendwa siku hizo, na haukupita muda mrefu neno UKIMWI, lililofupishwa kutoka Upungufu wa Kinga Mwilini, likaenea nchi nzima. Neno hilo lilifaulu kwa sababu lilisema jambo lenyewe, na kwa sababu kila mtu aliweza kulitamka.

Mwaka 1987 wakuu wa afya wa Marekani walitoa mwongozo kwamba damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa ya hatari, pasipo kungoja kujua ana nini. Wataalamu wamekadiria kwamba, katika watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, karibu 3 huambukizwa. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi kwa asiyechanjwa: kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Siku hizi aliyechomwa hupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, azianze mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha azitumie kwa siku 28. Iko pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Lakini dawa bora ni kutochomwa.

KANUNI YA KUTOPEANA

Kutokana na hadhari hiyo ilizaliwa kanuni ambayo sasa hufundishwa katika nchi nyingi, na ambayo chama cha wapasuaji wa Marekani kiliiunga mkono katika tamko lake la mwaka 2007, pamoja na kuvaa glovu mbili mbili na kutumia sindano butu panapowezekana. Kanuni yenyewe ni rahisi. Baina ya mpasuaji na muuguzi hutengwa mahali maalumu, pengine kwa beseni dogo, kwa trei au kwa kitambaa. Anayetoa kifaa kikali hukiweka hapo na kutamka kwamba amekiweka. Mkono wake ukishaondoka ndipo wa pili anapokuja kukichukua. Hapana wakati wowote ambapo mikono miwili imegusa makali mamoja. Pale ambapo mpasuaji hawezi kabisa kuondoa macho kwenye kazi, kama anapotumia hadubini, kifaa huweza kutiwa mkononi mwake kwa utaratibu waliokwisha kukubaliana.

Nchi yetu si ngeni katika juhudi za namna hii. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji salama, Ifakara ilikuwa mojawapo ya mahali panane ulimwenguni palipochaguliwa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Sehemu moja ya orodha hiyo huwataka wauguzi wathibitishe kwa sauti hesabu ya sindano na vifaa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kwa hivyo kusema kwa sauti ni sehemu ya tiba. Na kama kusema ni tiba, basi lugha ni mojawapo ya dawa, nayo dawa ikikosewa hudhuru.

MANENO MEZANI

Nilipoanza kuishughulikia istilahi hii nilipanga mbele yangu maneno yaliyokuwapo, kama inavyotupasa.

Neno kupasiana limetoka uwanja wa mpira. Lina mwendo na shabaha, na mchezaji mzuri hupasia bila ya kungoja mwenziwe asimame. Hilo ndilo tusilolitaka.

Neno kukabidhi lina heshima, nalo hutumika katika ofisi na katika wosia. Lakini asili yake ya Kiarabu ni kushika kwa kufumbata, na hata katika Kiswahili hukabidhiwi kitu mpaka kimeingia mkononi mwako. Linataka mkono ukutane na mkono.

Neno kupokezana ndilo lililopendwa na wengi. Lakini tutazame matumizi yake yanayojulikana zaidi, yaani mbio za kupokezana vijiti. Uzuri wa mbio hizo umo katika nukta ile ambapo wakimbiaji wawili wameshika kijiti kimoja kwa pamoja, wa kwanza asikiachie mpaka wa pili ameshakikamata. Tukiweka kisu mahali pa kijiti tumekwisha kuieleza ajali. Kiambishi -ana, ambacho ni fahari ya sarufi yetu kwa kuonyesha ushirika, hapa hutushirikisha katika jeraha.

Kwa mahali penyewe, wengine walipendekeza eneo lisilofungamana na upande wowote. Ni tafsiri inayofuata asili yake, lakini msikilizaji wa Kitanzania atadhani anasomewa taarifa ya mkutano wa wakuu wa nchi. Wengine walitaka sinia, neno fupi na la nyumbani. Lakini sinia kwetu ni mahali ambapo watu hula pamoja, mikono yote ikiingia kwa wakati mmoja, na asiyetia mkono huulizwa ana nini. Istilahi haiji peke yake. Huja na desturi iliyozaliwa nayo.

Hata jina la vifaa vyenyewe lina mjadala. Mabango ya hospitali huandika vifaa vyenye ncha kali. Kisu hukata kwa makali na sindano huchoma kwa ncha, na katika chumba cha upasuaji sindano ya kushonea ndiyo inayojeruhi zaidi. Katika maandishi, vifaa vya makali na ncha ni sahihi zaidi. Katika kunena, makali peke yake yatosha, mradi ikubalike kwamba hujumuisha vyote viwili.

Basi nikafika kwenye neno nililolipenda: tua. Mchukuzi hutua mzigo. Ndege hutua mtini. Kutua si kutupa, si kutoa, si kupokea. Ni kukiacha kitu kitulie mahali pake. Ni neno la Kibantu, fupi, na mtoto analijua. Nilipendekeza muuguzi na mpasuaji waambiane, "Tua!", na tendo zima liitwe utuaji wa makali. Nikaandika hoja zangu kurasa tatu.

BARAZANI PEMBA

Nilizichukua kurasa hizo hadi Pemba, nikampelekea muuguzi mstaafu aliyefanya kazi ya chumba cha upasuaji kwa miaka mingi katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilimwamkia, akaniitikia, akanikaribisha barazani pamoja na vijana wawili wa nyumbani kwake wanaosomea uuguzi. Kabla sijaanza kusoma alinyoosha mkono wa kushoto akanionyesha alama ndogo nyeupe chini ya kidole cha shahada.

Alinieleza kwamba ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpasuaji alikuwa anarudisha sindano, yeye alikuwa anainua mkono kuipokea, na kila mmoja alidhani mwenziwe ataona. Alipimwa, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. "Miezi mitatu ile, mwanangu," aliniambia, "nilikuwa napika chakula cha watoto na huku najiuliza nani atawapikia." Aliporudi alionekana mzima. Lakini aliniambia kwamba katika hospitali aliyoifanyia kazi hakuwahi kuona jambo hilo likiandikwa popote, kwa kuwa hapakuwa na jina la kuliandika. Lilikuwa si ugonjwa wala si uzembe. Liliitwa bahati mbaya tu.

Kisha nikamsomea. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipokwisha kusikia aliagiza kitambaa, akakikunja mara tatu, akaniambia nijifunge mdomo na pua. Akawasha feni na redio. Akanipa kalamu iwe kisu, akawaweka vijana wake upande wa pili wa meza, akaniambia, "Sasa waamrishe."

Nikasema, "Tua." Kijana mmoja akanyoosha mkono anipe. Nikarudia. Wa pili akaja kuichukua kalamu mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipoyasikia kwa masikio yangu yale ambayo kurasa tatu hazikuniambia. Nyuma ya kitambaa, tua, toa na twaa ni karibu neno moja. La kwanza ni kuweka, la pili ni kutoa, la tatu ni kuchukua, na hili la tatu li hai zaidi katika vinywa vya watu wa pwani kuliko wa bara. Nilikuwa nimechagua, katika maneno yote ya Kiswahili, neno ambalo likisikika vibaya kidogo humwamrisha mtu afanye kinyume chake, naye ameshika kisu.

Bibi yule hakucheka. Alinieleza jambo jingine nililokuwa sikulifikiri. Vijana wanaoanza kazi huona haya kumwekea mkubwa wao kitu mbele yake badala ya kumtia mkononi. Wamelelewa kwamba mkubwa hupewa kwa mkono wa kulia na kwa kuinama kidogo, na kumwekea ni kama kumtupia. Kwa hivyo kanuni hii mpya huwajia kama utovu wa adabu, na wakati mwingine huivunja kwa heshima. "Lazima neno lenu," akasema, "liwaambie kwamba huku kuweka ndiko kuheshimu."

Nilimwuliza yeye angesema nini. Alitazama ukumbini, ambako jirani yake alikuwa ameacha kofia isiyokwisha kushonwa, sindano imedungwa kitambaani. Akasema, "Sisi hatusemi fanya. Tunasema kilipo. Sindano kofiani." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Kisu kituoni."

MAPENDEKEZO

Nimeligeuza shauri hilo kwa muda mrefu, na kila nikiligeuza naliona lina nguvu kuliko langu. Amri yenye kitenzi humwambia mtu afanye nini, na kitenzi kikikosewa kusikika tendo hukosewa. Kauli isiyo na kitenzi humwambia kitu ki wapi, na aliyejua kitu kilipo anajua la kufanya. Kituo limetokana na tua ile ile niliyoipenda, maana ni mahali pa kutulia, lakini silabi zake tatu hazifanani na toa wala twaa. Kiambishi tamati -ni, ambacho tunacho bure katika sarufi yetu, hufanya kazi ya sentensi nzima. Lahaja ya Pemba haina matata nalo, na mgeni hulishika kwa siku moja. Zaidi ya hayo, halimtaji mtu; halisemi nani mkubwa na nani mdogo, na hivyo halimvunjii mtu heshima.

Yako mapingamizi. Itasemwa kwamba kituo limekwisha kuchoka kwa kazi: kituo cha basi, kituo cha polisi, kituo cha afya. Ni kweli, lakini katika maandishi tutasema kituo cha makali, na mezani hapana basi linalongojwa. Itasemwa pia kwamba hatuwezi kuunda istilahi kwa shauri la mtu mmoja barazani. Nami nakubali. Ndiyo sababu naleta mapendekezo, sileti uamuzi, na naomba yajaribiwe kwa barakoa na kelele za mashine katika hospitali za Chake Chake, Wete na Mkoani, na kwingineko Unguja na bara, kabla ya kusanifishwa.

Kwa muhtasari, napendekeza haya. Vifaa vya makali na ncha viitwe hivyo katika maandishi, na makali katika kunena. Mahali palipotengwa paitwe kituo cha makali. Utaratibu wenyewe uitwe uwekaji wa makali kituoni, na neno kupokezana lisitumike kwa vifaa hivi. Kauli ya mezani iwe jina la kifaa likifuatwa na kituoni: kisu kituoni, sindano kituoni, mkasi kituoni. Na mtu anapolazimika kutembea na makali chumbani aseme, "Makali!", kama wachukuzi wa miji ya pwani walivyokuwa wakisema, "Simile!", wapishwe njia.

Mwisho, napendekeza jambo ambalo si la istilahi za upasuaji peke yake. Neno lolote litakalotumika mahali pa hatari lisipitishwe mezani mpaka limetamkwa mahali hapo, na watu wa hapo, kwa sauti ya hapo. Kurasa zangu tatu bado ninazo katika faili. Juu yake nimebana kitambaa kile kilichokunjwa mara tatu, nami hukitazama kila ninapoletewa neno jipya.